Siku Kipaza Alipolizuia Basi la Saa Nne

Jina la Kipaza alipewa utotoni, miaka mingi kabla hajashika kipaza sauti chochote mkononi. Alizaliwa na sauti ya kuamsha mtaa. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto yule ukimtuma dukani huna haja ya kungoja arudi, bei utaisikia ukiwa jikoni. Dada yake aliyemtangulia alikuwa kinyume chake kabisa: mpole, maneno yake ya kuhesabika, vidole vyepesi vilivyojua kitambaa kabla ya mkasi kukigusa. Walilala kitanda kimoja mpaka wakawa wasichana wakubwa. Dada akionewa shuleni, mdogo mtu ndiye anayekwenda kusema. Dada akidhulumiwa chenji, mdogo mtu ndiye anayerudi dukani. Majirani walitania kwamba hao wawili waligawiwa mdomo mmoja, mdogo akaondoka nao.

Dada akawa mshonaji. Kipaza akaangukia stendi kuu ya mabasi, kwanza kwenye dirisha la tiketi, halafu siku moja mtangazaji aliamka amekaukiwa na sauti, msimamizi akatazama huku na huku akitafuta wa kumwokoa. Watu wote pale ofisini walimnyooshea kidole mtu mmoja.

Kibanda cha mtangazaji kilikuwa ghorofani, juu ya ofisi za tiketi, unapanda kwa ngazi ya chuma inayotikisika. Ndani hamkuwa na kitu cha maana: meza, kiti kilichotoka sponji, feni, chupa ya chai, na kipaza sauti chenye shingo ndefu kama ya bata. Lakini dirisha lake lilikuwa la ukuta mzima, na kutoka pale stendi yote ilikuwa chini ya macho. Mabasi yanarudi kinyumenyume, wapagazi wanasukuma mikokoteni wakipiga kelele za kuomba njia, abiria mmoja anakimbia na kiatu kimoja mkononi, mwingine amepanda basi lisilo lake na anagombana na mwenye kiti. Robo saa kabla ya mabasi ya saa nne kuondoka, damu ilimchemka Kipaza kama ya mchezaji anayesubiri filimbi. Alipenda kazi ile kupita kiasi. Akisema "sogea," basi linasogea. Akisema mtoto amepotea, watu mia wanatazama chini kwenye magoti yao.

Shemeji yake alikuwa fundi wa majokofu. Alikuwa mtu wa watu. Mwenye duka akiharibikiwa na friji usiku, fundi anafika kabla maziwa hayajachacha. Wakwe aliwasalimia kwa mikono miwili, na alimtania Kipaza kila wakikutana: shemeji, punguza sauti, utanivunjia vioo. Mama mtu alimpenda mpaka akawa anamtolea mfano kwa mabinti wa watu. Kipaza naye alimpenda, hilo hakulikana hata baadaye.

Haikuanza na ngumi. Ilianza na simu. Ikilia mara tatu dada hajapokea, nyumbani hakukaliki. Kisha wateja wa kiume wakapigwa marufuku kwenye kibanda cha kushonea, maana kwa nini mwanamume apimwe kiuno na mke wa mtu. Kisha kibanda chenyewe kikafungwa, cherehani ikahamia chumbani. Kofi la kwanza lilipokuja lilifuatwa na kitambaa kizuri cha zawadi, la pili likafuatwa na viatu. Dada akaanza kuvaa mikono mirefu katikati ya joto. Akiulizwa, alijigonga kabatini.

"Hilo kabati lenu," Kipaza alimwambia siku moja, "lina mikono mingapi?"

Dada akacheka, halafu akalia, halafu akamwapisha asiseme kwa mtu.

Kipaza akasema kwa kila mtu. Ndivyo alivyoumbwa. Mkono wa dada ulipovunjika, familia ikalazimika kukaa kikao, na mjomba, ambaye tangu baba yao afariki ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, akasema maneno yake taratibu. Vikombe vikikaa kabati moja havikosi kugongana. Nyumba ni siri. Mwanamume amekiri kosa, ameomba radhi, nani amewahi kuishi na mwenzake bila kukwaruzana?

Kipaza alisimama. Alisema: "Mjomba, vikombe ni viwili, lakini kinachovunjika kila siku ni kimoja."

Aliambiwa akae chini, wakubwa wanazungumza. Dada akarudishwa kwa mumewe na mkono ukiwa kwenye plasta, mtoto wao wa kike akitembea nyuma ameshika pindo la gauni la mama yake.

Hapo katikati miezi ilipita. Kipaza aligundua kwamba kelele zake zilimfanya dada apunguze kumwambia mambo, kwa hiyo alijifunza kitu kigumu kuliko vyote, kusikiliza bila kujibu. Na siku moja ya kazi, akiwa kibandani, simu ikaita. Ilikuwa sauti ya dada, lakini si ile ya miaka ya karibuni. Ilikuwa na haraka na kicheko ndani yake. Alikuwa ameamua. Jumamosi fundi anakwenda kufunga viyoyozi kwenye hoteli nje ya mji, atashinda huko kutwa. Yeye atabeba mtoto, cherehani na nguo tu, vyombo mume abaki navyo. Kipaza alisahau kabisa kwamba alitakiwa kutangaza basi. Walipanga nani aje na gari, cherehani ishushwe vipi, mtoto ahamie shule ipi. Kipaza alipofika nyumbani alitoa nguo zake nusu kabatini, akabadilisha shuka, akazunguka chumba kama bibi harusi. Alikuwa na furaha ya kushindwa kulala.

Jumamosi haikufika. Alhamisi mchana fundi alirudi nyumbani kuchukua kifaa alichosahau, akainama kutazama chini ya kitanda, akakuta begi limefungwa.

Mwenyewe ndiye aliyempigia mama mtu simu, analia hadi maneno hayatoki. Mkewe ameteleza bafuni. Ni sabuni. Kichwa kimegonga sinki. Amemkuta amekwisha.

Kipaza alifika hospitali akikimbia. Alimtazama dada yake muda mrefu, na alichokiona hakikuwa kichwani. Kilikuwa shingoni, kila upande, na kilikuwa na umbo la vidole. Hakupiga kelele. Alimfunika vizuri, akatoka, akaenda moja kwa moja kituo cha polisi, akakaa mbele ya mpelelezi mwanamke aliyekuwa anakula mkate, akasimulia tangu simu ya kwanza iliyolia mara tatu. Mpelelezi aliuacha mkate. Aliagiza mwili usizikwe mpaka daktari auchunguze.

Hapo ndipo mjomba alipopandisha hasira. Unataka kutuvua nguo mbele za watu, alimwambia. Mume wa marehemu yuko pale anagaragara kwa uchungu, wewe unamletea polisi. Kipaza alimjibu kwa upole uliowashtua waliokuwepo: mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi mjomba kifo kimeshatuumbua, tumebaki kuficha nini?

Daktari alisema amekabwa. Polisi walipofika msibani kumchukua fundi, walielezwa kwamba ametoka sasa hivi tu kwenda kununua maji ya wageni. Maji hayakuletwa. Mtu akawa ameyeyuka.

Dada alizikwa. Mtoto akahamia kwa bibi yake na Kipaza, vitu vyake vikaingia kwenye lile kabati lililokwisha kupunguzwa nguo. Lakini nyumbani habari iliendelea kusemwa kwa sauti ya chini. Mgeni akija kutoa pole, mama alieleza kuhusu sabuni, kwa sababu ndivyo alivyoanza kueleza siku ya kwanza na ulimi ulikuwa umezoea njia hiyo. Kipaza alipewa likizo ndefu, na stendi nzima ilijua hayupo. Kijana mmoja wa ofisini alitangaza mabasi badala yake, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo.

Asubuhi mtoto aliporudi shule kwa mara ya kwanza, nyumba ilimwelemea Kipaza. Alioga, akavaa sare, akaenda kazini bila kumwambia msimamizi. Kijana wa ofisini alifurahi hadi akamwachia kiti kikiwa cha moto, akashuka kwenda kunywa chai.

Zilikuwa zimebaki dakika chache mabasi ya saa nne yaondoke. Basi la kwenda mpakani lilikuwa limejaa. Kipaza alikuwa anapitisha macho juu ya vichwa vya watu, bila kutafuta chochote, alipomwona mwanamume mwenye kofia na barakoa anabishana na kondakta. Kondakta alitaka sanduku lake la chuma liingie buti. Mwanamume alikataa. Alilifungua kuonyesha kwamba ni vifaa vya kazi, akalifunga, na kifuniko kilipokataa kushika akakipiga kwa kiganja mara mbili, pa, pa, kama alivyokuwa akifanya sebuleni kwa mama mkwe kila alipotengeneza friji.

Kipaza akanyakua simu yake.

Alimpigia mpelelezi. Mpelelezi alisema wako njiani, alizuie basi hilo kwa njia yoyote. Alimpigia mzee wa wapagazi, lakini simu ya mzee wa wapagazi ilikuwa inalia mfukoni mwa koti lililotundikwa mkokotenini, na mwenyewe alikuwa anabeba gunia. Kondakta aligonga bodi la basi. Ilibaki njia moja tu, na njia hiyo ilikuwa na mtego: katika watu wote waliokuwa ndani ya basi lile, mmoja angeijua sauti yake hata akiwa usingizini.

Kwa hiyo Kipaza alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Aliishusha sauti. Alibana pua kwa vidole, akavuta maneno kama yule kijana wa ofisini.

"Abiria wa basi la kwenda mpakani, tunaomba radhi. Basi litachelewa kidogo kwa ukaguzi wa breki. Dereva, zima gari. Mzee wa wapagazi, mzigo wako uko huku juu."

Dereva wa basi lile aliitwa Mshale, na hakuwa amechelewa kuondoka tangu apewe leseni. Alitoa kichwa dirishani kama aliyetukaniwa mama. Breki gani? Nani amesema breki? Akapiga honi ndefu. Abiria nao wakaanza: sisi tuna safari, nyie kila siku ubovu. Ngazi ya chuma ikatikisika, mzee wa wapagazi akaingia anahema, akakuta mtangazaji wake aliye likizoni, mweupe midomo. Kipaza alimwonyesha kwa kidole, akamweleza kwa maneno machache. Mzee hakuuliza la pili. Alishuka, na haukupita muda mikokoteni ikaanza kumiminika kutoka kila pembe, mbele ya basi na nyuma ya basi, imejaa magunia, magodoro na mitungi, na kila mpagazi ameshika kiuno anamsubiri mwenzake asogee kwanza. Mshale alishuka kutaka kupigana na mikokoteni.

Kipaza alisimama karibu mno na kioo. Yule mwanamume mwenye kofia, sasa kwenye kiti cha dirishani, aliinua uso kutazama kibanda, labda kwa mazoea tu. Macho yakakutana.

Alitokea kwenye dirisha la dharura. Sanduku lilianguka kwanza, likatawanya bisibisi na mabomba ya shaba, yeye akafuata, akakimbia kuelekea vyooni. Muuza maji mmoja, asiyejua kitu, alimwona mtu anaruka dirishani na kukimbia, akafanya wanachofanya watu wote wa stendi. Alipiga ukelele: mwizi.

Neno hilo stendi ni petroli. Waliokaa walisimama. Waliokuwa na fimbo walijua ziko wapi, wasiokuwa nazo waliinama kuokota mawe. Fundi alikata kushoto akakuta watu, akakata kulia akakuta ukuta. Jiwe la kwanza lilimpata bega. Alianguka, na duara likafunga.

Kutoka juu Kipaza aliona yote. Kuna sehemu yake ilitulia na kutazama. Kidole kilikuwa mbali na swichi, na hakikuwa na haraka. Wacha wammalize, mkono wako ni safi. Hilo alikuja kulisema mwenyewe baadaye, bila kuulizwa. Lakini katika pumzi hiyohiyo aliwaza kesho: watu wakisema kibaka alipigwa stendi akafa, na habari ikaishia hapo, na mama akiendelea kueleza wageni kuhusu sabuni. Dada yake angebaki milele mwanamke aliyeteleza.

Akabonyeza swichi, na safari hii hakubana pua.

"Asiguswe! Huyo si mwizi. Huyo ni mume wa dada yangu. Amemkaba dada yangu mpaka akafa, akatuambia ameteleza. Nataka asimame mbele ya jaji aseme. Atakayemuua leo atakuwa amemnyamazisha. Jamani, ni mimi Kipaza. Naomba mniachie aishi."

Spika zote za stendi zilizibeba hizo habari mpaka kwenye vibanda vya mwisho, mpaka barabarani. Mikono iliyoinuliwa ilibaki juu. Mwanamke mmoja aliyekuwa na jiwe alilitazama, akaliweka chini polepole kama yai. Wapagazi waliingia katikati ya duara, wakashikana mikono wakatazama nje, na fundi akalala nyuma ya miguu yao amejikunja, mzima. Polisi walimkuta hivyo. Kipaza alikuwa bado ameshika kipaza sauti. Akashuka ngazi kwa kukaa, kidato kwa kidato, akicheka na kulia kama mtu aliyekunywa.

Kesi ilichukua zaidi ya mwaka, na siku zake zote ukumbi ulijaa. Fundi alisema mkewe ameteleza, kisha akasema waligombana akamsukuma tu, kisha akasema hakumbuki. Daktari alieleza kwamba kusukuma hakuachi alama za vidole shingoni. Jirani wa mlango wa pili, mama aliyekuwa ameapa hakusikia kitu, alipanda kizimbani akasema alisikia, na kwamba aliongeza sauti ya redio. Alilia mpaka jaji akaomba apewe maji.

Wakili wa fundi alimbana Kipaza kwa maswali kwa muda mrefu. Alimzungusha, akamkumbusha makelele yake ya kikao cha familia, mwishoni akamuuliza kama si kweli kwamba anamchukia mshtakiwa.

"Namchukia," Kipaza alisema. "Lakini siku ile chuki ilipata nafasi yake. Ningekaa tu nikanywa chai. Mimi ndiye niliyemwombea uhai, ili aje asikie haya."

Wakili alikaa. Nyuma, kwenye benchi la familia, mjomba alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuja kila siku ya kesi, hakukosa, na hakuna aliyemwomba.

Kifungo cha maisha. Jaji alipotamka, ukumbi ulitoa pumzi kama mtu mmoja. Kipaza alidhani atapiga kelele, akajikuta ametulia, amemshika mama mkono. Pale mlangoni mwandishi wa habari alimuuliza mama marehemu alifariki vipi. Mama alinyoosha mgongo. Akasema, kwa sauti ambayo Kipaza hakujua kwamba anayo: binti yangu aliuawa na mumewe, na kabla ya hapo tulimrudisha kwake sisi wenyewe, andika yote mawili.

Mtoto sasa ni msichana wa sekondari, mrefu kumpita mama yake mdogo, na ana ubishi ambao bibi yake anajua vizuri ameutoa wapi. Kipaza yuko kibandani bado. Wanawake hupanda ile ngazi wakati mwingine, kila mmoja na kisa chake, akiomba tu kujua basi lipi linaondoka mapema. Hawaulizi zaidi, naye hawaulizi.

Na mwaka jana, asubuhi ya siku ya kazi, mjomba alimpigia simu. Hakuanza na salamu. Binti yake wa mwisho alikuwa amekuja na mdomo umevimba, na mkwe anamtaka arudi, wazungumze kama watu wazima.

"Mwanangu," mjomba alisema, "njoo na gari. Na njoo na wale watu wako."

Kipaza alimkabidhi kijana wa ofisini kipaza sauti, akashuka ngazi mbili mbili. Mshale alikuwa na siku ya mapumziko na alikuwa na lori la shemeji yake. Wapagazi sita walipanda nyuma bila kuuliza malipo. Walipofika kwenye nyumba ile mjomba alikuwa ametangulia, amesimama mlangoni na fimbo yake, mkwe ameketi ndani ametumbua macho, na binti anaonyesha kwa kidole kilicho chake. Wakatoa kitanda. Wakatoa kabati, meza ya kioo, viti, ndoo, pazia. Majirani wakatoka kutazama, na Kipaza, aliyesimama katikati ya ua kama yuko kibandani, akaelekeza kwa sauti iliyofika mtaa wa tatu: godoro lipite kwanza, friji lisilazwe, mwenye gari nyekundu atupishe njia.